Ufa wa Chumba cha Ndani

Kisa hiki mtakisikia kwa wengine kimetiwa chumvi hadi hakiliki. Mie chumvi yangu huiweka mchuzini. Nakisema kama kilivyo, na atakayeogopa kwenda uani peke yake usiku wa leo asinilaumu, ajilaumu mwenyewe kwa kukaa kunisikiliza jua likiwa limekwisha kuinama.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Mtaliana na Mhabeshi. Mji ni Chake Chake, wakati ni ule majamvi ya karafuu yanapokunjwa ili umande usiyakute nje, na harufu ya karafuu mbichi imejaa vichochoroni hadi mtu aweza kuitafuna. Msellem bin Nyange alikuwa akiteremka na kapu lake. Ndani ya kapu mna chokaa ya unga, kibuyu cha maji, mwiko mdogo, na vipande vya kioo alivyovifunga kwa kitambaa na kuvibeba kwa adabu, kama mtu aliyebeba mayai ya mkewe mkali.

Msellem alikuwa fundi wa mawe, na kwa kujisifu toka Wete hadi Mkoani hakuna aliyemfikia, ukiniacha mimi. Alidai akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukuta humtajia umri wake na jina la aliyeujenga. Alidai pia aliwahi kulala peke yake kwenye magofu ya Pujini, akakoroma hadi mashetani wakahama. Hayo yeye ndiye aliyekuwa akiyasema.

Lakini kazi aliyokuwa nayo mwaka ule haikuwa ya kujenga.

Kila masika maji yalikuwa yakiporomoka toka juu ya kilima, yakaingia madukani na kutoka na magunia ya mchele. Ikaamuliwa uchimbwe mtaro mkubwa, tena si wa juu juu, bali wa chini kwa chini, uanzie upande wa mikoko na kupenya tumboni mwa kilima, chini kabisa ya nyumba kongwe za mawe. Watu wakauita Koo, kwa kuwa asubuhi unameza wanaume na magharibi unawatapika, wekundu kwa udongo wa kutwa nzima.

Sasa, kupitisha shimo chini ya nyumba zilizojengwa na watu ambao hata makaburi yao yamesahaulika si mchezo wa bao. Bwana aliyeletwa kusimamia kazi aliyajua hayo. Alipita nyumba hadi nyumba akitazama nyufa, kisha akamfundisha Msellem hila moja nzuri. Unachukua kipande chembamba cha kioo, upana wa kidole. Unakilaza juu ya ufa, unakigandisha kwa chokaa ncha mbili, moja huku na moja huku. Ukuta ukitembea hata upana wa unywele, jicho halioni, ila kioo kitakatika. Kioo kizima, nyumba salama, wachimbaji wasonge mbele. Kioo kikikatika, wenyewe watolewe na nyumba ivunjwe kabla Koo halijafika chini yake, isije ikawaangukia watu vichwani.

Kwa kuwa Msellem hakujua kuandika, kila bonge la chokaa alilibonyeza kwa dole gumba. Dole lenyewe lilikuwa na kovu la mwiko lililopita katikati. Alama hiyo mji mzima uliijua.

Jioni ile alipita dukani kwa Noorali kuongeza vioo.

"Vya picha vimekwisha, fundi," Noorali alimwambia. "Chake nzima hapana tena kioo cha kutilia picha ya mtu. Vyote umevibandika ukutani."

"Basi nikatie vya taa."

"Vya taa vimepinda kama maneno yako." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Na kwa Bi Kazija? Watu wasema chumba chake cha ndani kimezikwa fingo. Dawa ya wazee, ya kulinda mji. Wasema Koo likiligusa, tunalala wote na hatuamki."

"Weye nawe waamini hayo?"

"Mimi mfanyabiashara, fundi. Naamini kila kitu, kidogo kidogo." Akamkabidhi vioo. "Ila yule bibi hununua kikombe cha maziwa kila magharibi, na mwenyewe maziwa hanywi. Sasa anamnywesha nani?"

Msellem alichukua vioo vyake akatoka, uso umemwiva. Bi Kazija alikuwa mama mkwe wake.

Nyumba ile aliiweka mwisho katika zamu yake, kama mtu anayeacha mnofu pembeni ya sahani. Ndimo alimoingia bwana harusi. Ndimo alimoishi na Moza, binti pekee wa Bi Kazija. Na ndimo Moza alimofia, uzazi wa kwanza. Mtoto alitoka kimya, hakulia. Msellem siku hizo alikuwa Wingwi, juu ya tanuu la chokaa. Na nani asiyeijua desturi? Tanuu likishawashwa haliachwi. Fundi akiliacha kabla halijapoa, chokaa imekufa na kazi yote imekuwa majivu. Mjumbe alikuja, akarudi, akaja tena. Msellem akamwambia, "Mwambieni naja likipoa."

Lilipopoa, Moza naye alikuwa keshapoa.

Alimtia kaburini kwa mikono yake. Akauliza, "Na mtoto?" Bi Kazija akasema, "Katangulia." Hakuuliza zaidi, maana kuna maswali mtu huyameza ili apate kusimama. Tangu siku hiyo kila Ijumaa husimama kaburini kwa Moza, akamtolea salamu, kisha akageukia kile kipande cha nyasi pembeni yake, akatoa salamu ya pili, ndogo, ya mtoto.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Taa hiyo hapo. Mguu wangu leo haunitii."

Alichukua taa akaingia chumba cha ndani. Kuta nene, baridi, boriti nyeusi kwa moshi wa miaka. Kitanda cha besera, cha nguzo nne, ambacho hakuna aliyekilalia tangu... tangu siku zile. Ufa ulianzia kwenye kidaka cha juu, kile kishubaka cha kuwekea vitu ukutani, ukateremka nyuma ya kitanda, ukazama sakafuni. Aliinua taa.

Kioo kilikuwa kimekatika.

Msellem alisimama. Koo wakati ule lilikuwa bado huko chini, halijafika hata nyuma ya duka la Noorali. Hapakuwa na mtu anayechimba karibu. Tena nusu ya kioo ilikuwa imeganda mahali pake, na nusu ya pili, pamoja na bonge lake la chokaa lenye alama ya dole, haikuwepo. Alitazama sakafuni. Alitazama uvunguni. Alipapasa vidaka vyote.

Haikuwepo.

Ndipo harufu ilipomfikia. Udongo mbichi kwanza, wa mvua. Na chini ya udongo... maziwa. Siyo ya ng'ombe. Yale ya mzazi, yanayopenya kanga na kukauka kifuani.

"Kizima?" Bi Kazija aliuliza. Alikuwa kasimama mlangoni, kikombe mkononi.

Msellem aliitazama ile nyumba. Akamtazama yule kizee, aliyeapa mbele ya mji mzima kwamba atatolewa humo kwa jeneza tu. Akaona nyundo. Akaona boriti zinaporomoka, kidaka ambamo Moza akiweka kitana chake kimekuwa kifusi cha kujazia barabara.

"Kizima, mama."

Akabandika kioo kingine. Na kwa kuwa alijiona hodari, akauziba na ufa wenyewe kwa chokaa, toka juu hadi chini. Bi Kazija aliufuata ule mwiko kwa macho. Akafungua kinywa, akakifunga.

Kwenye mdomo wa Koo, Bwana alimuuliza kama kila siku. Nyumba hii? Nyumba ile? Na ya Bi Kazija?

"Salama, Bwana."

Neno dogo tu. Halina hata mfupa.

Magharibi iliyofuata kioo kimekatika tena. Nusu imeganda, nusu haipo. Na chokaa aliyozibia ufa ilikuwa imekwanguliwa yote, iko chini imelala kama unga. Msellem alichutama akatia kidole kwenye mikwaruzo. Mtu anayekwangua ukuta kutoka chumbani, kucha zake huacha alama pana huku nje na kufifia kuelekea ndani.

Hizi zilianzia ndani ya ukuta.

Akabandika kingine, akasema salama. Kesho yake hivyo hivyo. Siku moja akaja mapema, kabla ya adhana, akajikalisha kwenye kigoda mbele ya ufa na taa magotini. "Leo tutaonana," akasema kwa sauti, maana mwoga akisema kwa sauti hujiona wawili.

Kioo kizima. Kinang'aa.

Muadhini akaadhini.

Kioo kikafifia. Kilifanya ukungu, kama mtu anapokipumulia. Msellem akakipangusa kwa dole lake. Ukungu haukutoka.

Ulikuwa upande wa pili. Upande wa ukutani.

Tik.

Ukucha juu ya kioo.

Tik... tik...

Polepole. Kama mtu anayebisha hodi, na anaogopa kumwamsha aliyelala.

Kisha... tak! Kioo kikakatika mbele ya macho yake.

Bingwa wetu wa Pujini alitoka mbio, akapita sebuleni, akapita barazani, kiatu kimoja akakiacha huko huko. Nami simcheki. Ningekuwa mimi, ningeacha na kikoi.

Lakini hata jioni ile alisema salama. Siyo kwa ajili ya Bi Kazija peke yake. Alipokuwa akikimbia, katikati ya ule udongo na yale maziwa alisikia harufu ya tatu, kidogo tu: mafuta ya nazi yaliyotiwa maua ya kilua. Mafuta ya nywele za Moza. Sasa mtu atakwendaje kusema nyumba yenye harufu ile ivunjwe?

Koo likazidi kusonga.

Mbele ya wachimbaji wote alikuwa Jaribu, jitu la miraba minne, mcheshi, akiimba hadi kuta za shimo zinatetemeka. Jioni moja Koo lilipowatapika, Jaribu hakuwa akiimba. Alimshika Msellem mkono akamvuta pembeni.

"Fundi, juu yetu pana nini?"

"Pana mji, yakhe. Wataka pawe na nini?"

"Acha masihara. Leo tumefika chini ya nyumba ya yule bibi. Udongo watuchuruzikia shingoni kama unga wa chekeche. Na pana mtoto."

"Mtoto gani?"

"Halii. Angelia ningesema wa jirani." "Ananyonya, fundi. Tulizima taa tukasikiliza sote. Juu ya vichwa vyetu... ananyonya. Nina wanne nyumbani, naijua sauti ile."

"Weye ndiye usemaye salama," Jaribu akasema. "Twaingia kwa neno lako. Kesho alfajiri naingia mimi wa mbele. Nitazame machoni uniambie tena."

Ulimi wa Msellem, uliowahi kuuza chokaa mbovu kwa kadhi, ulikauka.

"Usiingie," akasema. "Kioo kimekatika. Kimekatika siku zote hizi."

Jaribu aliuachia mkono wake. Hakumpiga. Afadhali angempiga. Alipangusa udongo usoni, akasema, "Nina wanne, fundi," akaenda zake kumwambia Bwana.

Basi Msellem akapanda kilima kwenda kumtoa mama mkwe wake. Jua lilikuwa limezama, adhana bado. Alimkuta chumba cha ndani, amekaa sakafuni miguuni pa kitanda, kikombe cha maziwa mbele yake.

"Mama, funga vitu vyako. Nyumba itavunjwa."

"Sitoki."

"Watu watakufa huko chini."

"Kwani mie nimewaita?" Bi Kazija alisema polepole. "Nisikize, mwanangu. Mie sina fingo. Waache waseme fingo, waache waseme mchawi, wakiogopa hawaji kuchungulia. Hapa nilipokaa... ndipo alipo mwanao."

Msellem alihisi taa inamzidi uzito.

"Asiyelia hasaliwi. Wanawake walitaka wampeleke kaburini. Moza akanishika nguo. 'Mama, usinitolee mwanangu nje. Nje baridi.' Nikamwapia. Nikamtia chunguni, nikaufunga mfuniko kwa chokaa yako, nikamzika hapa, mama yake yuatazama. Akatulia. Siku mbili hazikupita, naye kafa." Kizee akajifuta pua kwa upande wa kanga. "Yeye hakuniapisha. Yeye nikamtoa."

"Basi... mie Ijumaa zote hizi..."

"Nilikuona ukisalimia nyasi, baba. Nilikosa ulimi."

Msellem akakaa chini. Wakakaa hivyo, mkwe na mkwe, kati yao kikombe.

"Yuaja kila magharibi," Bi Kazija alinong'ona. "Kumnyonyesha. Mlangoni hawezi kupita, aliyetolewa mlangoni kwa jeneza hauoni tena mlango ule. Hupita hapo." Akaonyesha ufa kwa kidevu. "Mie humwekea kikombe, labda yake haimtoshi. Ikawa ni hivyo miaka yote, kwa amani. Hata ulipokuja weye na vioo vyako."

"Na vioo vyangu."

"Kila jioni wamfungia mkeo mlango, mwanangu. Na kila jioni yuauvunja aingie kwa mtoto. Hata ukuta nao sasa umechoka."

Nje, muadhini akaanza.

Msellem aliinuka. Alifanya kazi kama fundi. Aliingiza ncha ya mwiko chini ya bonge la chokaa, akakibandua kioo kikiwa kizima. Akakwangua na chokaa ya ufa, yote, toka kidakani hadi sakafuni. Akarudi nyuma. Akapunguza taa.

Kimya.

Udongo mbichi.

Maziwa.

Mafuta ya kilua...

Hakuona mtu. Wapo wanaosimulia kwamba alimwona amevaa nyeupe, na wengine wakamtia na kwato. Waongo. Hakuona kitu. Aliona utambi wa taa umelala upande, kama mtu amepita karibu yake. Aliona maziwa kikombeni yamefanya viduara. Kisha miguuni pa kitanda, chini ya sakafu, ikasikika ile sauti aliyoisema Jaribu. Ndogo. Ya raha. Na juu yake mtu anavuta pumzi kwa pua, anayabana maumivu, kama mama anavyofanya mtoto anapoanza kuvuta.

Msellem alifunga kinywa kwa kiganja. Alikuwa hajawahi kumsikia mwanawe.

"Moza," akanong'ona.

Sauti ikakatika.

"Moza... tanuu lilikuwa halijapoa. Ningeliacha. Leo ningeliacha."

Baridi ilimgusa shavuni, mahali pamoja, upana wa kiganja. Ikakaa. Ikaondoka. Chokaa kidogo ikamwagika toka kwenye ufa... utambi ukasimama wima.

"Kenda," Bi Kazija akasema.

"Mama, hataki nyumba huyu. Amtaka mwanawe. Miaka yote yuaja kwa miguu, na sisi ndio tuliowatenga."

"Niliapa."

"Uliapa weye. Mie sikuapa."

Kizee akageuza uso ukutani, akajifunika kanga kichwani, asione, ili kiapo chake kisiwe na shahidi. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka.

Sakafu ilivunjika kwa urahisi, kama iliyokuwa ikingoja. Chungu kilikuwa kidogo, cha kupikia uji. Mfuniko umezibwa kwa chokaa pande zote, chokaa kongwe, ya kijivu, ngumu kama jiwe. Hapo naweka kiapo changu pamoja na cha Msellem, nasi wote wawili chokaa twaijua: ile haikuguswa tangu siku ilipotiwa.

Alikikumbatia, taa na mwiko mkononi, akatoka nacho mlangoni. Mji ulikuwa msikitini kwa isha. Hakukutana na mtu, ila mbwa mmoja aliyelala kifudifudi na kuficha pua.

Kaburini alichimba ubavuni pa Moza, pale pale kwenye nyasi alipokuwa akitoa salamu yake ndogo. Shimo lilipokuwa tayari alipiga magoti na chungu mapajani. Bi Kazija hakuwa amemruhusu kukifungua. Lakini baba ambaye hajamwona mwanawe, nani wa kumkataza?

Aligonga chokaa kwa kitako cha mwiko. Mfuniko ukaachia.

Ndani mlikuwa na sanda, imefungwa vizuri, kifurushi kidogo kama mkate wa mofa. Hakuifungua. Mkono ulikataa. Aliisogezea taa tu, apate kuitazama.

Na pembeni ya sanda, kuizunguka pande zote, vilikuwa vimepangwa vipande vya kioo.

Alivijua. Kila kimoja kilikuwa na bonge la chokaa mpya nchani. Kila bonge lilikuwa na alama ya dole gumba, na katikati ya alama, kovu.

Vilipangwa kwa ukubwa, kikubwa hadi kidogo. Kama mtoto anavyopanga vitu vyake vya kuchezea. Kingo zao, zilizokatika kali, zilikuwa zimelainishwa mviringo, zisimkate mtu.

Mfuniko, nimekwisha kusema, haukuwa umeguswa.

Msellem alilia pale mpaka taa ikaisha mafuta. Mama alikuwa akimpelekea mwanawe vitu vya baba yake, kimoja kimoja. Hakuwa na vingine vya kumpelekea.

Akakifunga chungu, akakiteremsha, akafukia. Akasalimia mara mbili.

Bwana alikuja asubuhi na watu wake wa nyundo. Alipouona ufa, kwanza alimkaripia Msellem kwa ule uongo, na kazi ya vioo ikamtoka mkononi siku hiyo hiyo. Kisha, badala ya kuvunja papo hapo, akaweka nguzo za miti ndani ya Koo, akabandika kioo kwa mkono wake, akasema tungoje. Wakangoja. Kioo hakikukatika. Wakasukuma Koo polepole, Jaribu mbele, wakapita chini ya chumba cha ndani na kutokea ng'ambo ya pili. Kioo kizima. Bwana akasema udongo ulikuwa umeshajikalia, na huenda ni kweli, kazi hiyo aliisomea. Nyumba imesimama hadi leo, waweza kwenda kuitazama.

Bi Kazija hakuitaka tena. Jioni kadhaa aliendelea kununua maziwa, akayaweka miguuni pa kitanda, asubuhi akayakuta na utando. Mwisho aliyamwaga kizingitini. "Hii sasa mawe tu," akamwambia Msellem bila hasira. "Umenitolea watu wote, mwanangu. Umefanya vyema." Akaenda kwa ndugu zake Mgogoni, na masika hayakumkuta.

Msellem alikuwa akikaa pembeni ya mji, nyumba ya udongo na makuti, mbali na Koo, mbali na mawe yote. Hapakuwa na sababu yoyote ya ukuta wake kupasuka.

Ulipasuka.

Ufa mwembamba, kando ya kitanda, karibu na sakafu. Na magharibi, adhana ikimalizika...

Tik.

Chini kabisa mwanzoni, mahali afikapo mtoto anayetambaa. Siku hizi tik imepanda, imefika usawa wa goti.

Majirani wanamwambia, "Fundi, ukuta wako watembea. Tazama upana wa ufa. Hama kabla haujakuangukia." Naye huja akaugonga kwa kifundo cha kidole mbele yao, kwa madoido yake yale ya zamani, akausikiliza.

Anajua kinachotafutwa. Usiku ule kaburini, kabla ya kukifunga chungu, alichukua kipande kimoja, kile kidogo kabisa, akakitia kifundoni mwa kikoi. Kimo katika kijaluba, kijisanduku cha bati, chini ya mto wake. Ukingo wake laini kama ulimi wa ndama. Angetembea nacho hadi kaburini akakirudisha, ukuta ungetulia siku hiyo hiyo.

Kisha nani tena angekuja kubisha?

"Salama," huwaambia majirani.

Wakishaondoka hupiga magoti kando ya kitanda, akakwangua udongo kwenye ufa kwa kucha zake, kidogo kidogo, upate kupanuka.